Kibodi Iliyolewa Ulanzi

Chomoa waya kwanza. Wanangu, mkisahau mengine yote nitakayowaambia, hilo msilisahau. Kibodi ikimwagikiwa na kitu, usiibonyeze eti uone kama bado inafanya kazi, usiipulize, usiitikise. Chomoa waya, ilaze kifudifudi juu ya kitambaa, kisha kaa chini upumue. Mara nyingi kinachoiua si maji, ni haraka za mwenyewe.

Mimi wananiita Mama Taipu, na jina hilo nimelipata kwa jasho. Nimezaliwa Iringa, huko Kilolo, nimezeekea Uyole hapa Mbeya, na katikati hapo nimetengeneza kila kitu ambacho mtu hukibonyeza kikatoa herufi. Nilianza na taipureta zile za chuma, ambazo moja ikikudondokea mguuni unalazwa wewe, yenyewe inaendelea kuandika. Zikaja za umeme. Zikaja kompyuta, na watu wakaniambia, haya Mama Taipu, sasa rudi kwenu ukalime. Sikurudi. Nilifungua kibodi ya kwanza niliyoletewa, nikaangalia ndani, nikacheka peke yangu. Springi ile ile, kitufe kile kile, uchafu ule ule wa makombo ya mandazi. Ni taipureta tu iliyopungua mwili.

Kuna kibodi nyepesi za maofisini, ndani zina karatasi ya plastiki na kampira. Hizo zikilowa, mara nyingi tunazika. Lakini kuna zile nzito, ambazo kila kitufe kina swichi yake, springi yake na mlio wake. Hizo ni za kufia nazo. Ukiambiwa haifai, muulize aliyekuambia kama ameifungua. Wengi wanaosema haifai hawana bisibisi ndogo.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Mligo, Mbena mmoja mwenye karakana pale Iringa mjini, mtu wa maneno machache na karanga nyingi. Alikuwa akinipa taipureta niisafishe, halafu nikiijaribu yeye ananipa mgongo, anamenya karanga zake. Bila kugeuka anasema, "S yako bado inakwama." Nabisha. Naiangalia S, kweli inakwama. Nikadhani ni mchawi. Baadaye akaniambia kila herufi ina mlio wake, na fundi anayetegemea macho peke yake ni nusu fundi. Nilikuwa msichana mwenye kiburi, na kiburi hicho kilinisaidia, maana niliapa nami nitampa mtu mgongo siku moja.

Jambo jingine alilonifundisha ni hili la A. Angalieni kibodi yoyote iliyotumika kwetu kwa Kiswahili. Q iko mpya, X iko mpya, ila A imekwisha sura. Baba, mama, habari, asante, haraka, kila mahali ni A. Basi A ndiyo inayochoka kwanza, na ikichoka inapata nafasi pembeni, na penye nafasi ndipo uchafu unapoingilia. Wazungu waliotengeneza mashine hawakulifikiria hilo. Sisi mafundi wa huku tunalijua kwenye vidole.

Na mwenye kibodi akija, muulize amemwaga nini, halafu usimwamini. Watu wanadanganya fundi kuliko wanavyomdanganya daktari. Mzee mmoja wa kanisa aliniletea yake akasema paa lilivuja, mvua imeingia. Nikainusa. Nikamwambia, "Baba, mvua ya kwenu inanukia kimea." Akakohoa, akaniambia nifanye kazi yangu tu. Si umbea huo wanangu, ni kazi. Chai ya maziwa ina mafuta, itataka sabuni. Soda na ulanzi, ile pombe yetu ya mianzi, ni sukari, na sukari haiogopi spiriti hata kidogo. Utasugua na spiriti mpaka jioni, inakuangalia tu. Sukari inaogopa maji ya uvuguvugu. Vijana wengi hawaamini. Kilichoharibiwa na maji unakirudishaje kwenye maji? Unakirudisha, tena unakizamisha.

Sasa niwasimulie ya ulanzi yenyewe.

Nilikuwa nimeshafunga karakana moja kwa moja, vifaa nimevifungia kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Ilikuwa Machi, mvua ya Mbeya haina adabu, nguo zinakaa kwenye kamba mpaka zinaota ukungu. Alhamisi asubuhi mlango ukagongwa. Kijana mrefu, amelowa, amekumbatia gunia dogo la mchele kama mtu aliyebeba mtoto.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Sinunui mchele."

"Si mchele mama. Ni kibodi, iko ndani ya mchele."

Nikamwambia aingie. Jina lake Lusajo, kwao ni Chimala kwenye mpunga, anaishi Mbalizi na mkewe Atupele. Akaanza kueleza huku amesimama, sikumkatisha.

Mkewe haoni. Alipoteza macho akiwa shuleni, baada ya kuugua. Lakini alijifunza kompyuta na vidole vyake vina mbio. Ofisi moja ya Iringa inayorekodi mikutano ya vijijini ilikuwa inatafuta mtu wa kusikiliza zile sauti na kuziandika. Waliomba wengi, yeye akaitwa kujaribiwa siku ya Jumatatu, na walikuwa wameshamwambia wazi kwamba wana wasiwasi kama mtu asiyeona ataiweza. Wakimkataa siku hiyo, imeisha, hawatamwita tena. Alitakiwa aje na kibodi yake aliyoizoea.

Lusajo naye, kwa furaha, alikuwa amepita Iringa kwa shughuli zake, akaona pale barabarani wanauza ulanzi. Akasema amnunulie mke wake dumu wapongezane. Na kwa kuwa ni mtu mwangalifu, alikaza mfuniko kwa nguvu zake zote ili usimwagike kwenye basi.

Hapo nikashika kichwa. Mtoto wa Kilolo anajua hilo kabla hajajua kuhesabu. Ulanzi unaendelea kuchemka wenyewe kwa wenyewe ndani ya dumu, unatoa hewa. Mfuniko unaulegeza. Ukiukaza umebeba bomu.

"Ukalifungulia wapi?" nikamuuliza.

"Mezani kwake. Nilitaka anuse."

"Kibodi ikiwa wapi?"

Akaangalia gunia.

"Mtu wa mpunga kakutana na ulanzi," nikamwambia. "Mngetuuliza sisi wa Iringa, tusingewaficha. Haya, na mchele huu?"

"Mtandaoni wanasema mchele unanyonya maji."

"Mchele gani? Wa dukani uliopepetwa, au wa mashineni kwa mama yako?"

"Wa mashineni mama. Ulikuwa umetoka kukobolewa."

Maana yake una pumba laini kama poda. Nikachomoa ile kibodi humo. Wanangu, nimeona mengi. Ulanzi umeingia kwenye swichi, pumba imefuata ulanzi, vimekutana vimekuwa uji, na uji wenyewe umeanza kuchacha. Nyumba yangu yote ikanukia kilabu. Lusajo alikuwa amefanya makosa mawili, yote mawili kwa mapenzi, na sikuwa na moyo wa kumkaripia zaidi. Mafundi wa mjini walikuwa wameshamwambia anunue nyingine. Angeweza kununua nyingine. Tatizo Atupele hakuitaka nyingine, na nilitaka kujua kwa nini.

Nikamwambia anipigie simu huyo mkewe.

"Mama shikamoo," akasema. Sauti tulivu, lakini nilisikia amelia. "Najua ni chuma tu. Ila nikifanya kazi, sikio moja linasikiliza mkutano, sikio la pili linasikiliza vidole vyangu. Kila kitufe nakijua mlio wake. Nikikosea nasikia kabla sijamaliza neno. Ukinipa kibodi nyingine, Jumatatu nitakuwa kipofu na tena kiziwi."

Nilimwona Mzee Mligo amenipa mgongo, anamenya karanga. Miaka yote hiyo nilikuwa sijakutana na mtu mwingine mwenye sikio lile.

"Mwanangu," nikamwambia, "kibodi yako utaipata, na mlio wake utaupata. Mimi ni Mama Taipu, sijakufa."

Nikavuta sanduku la bati.

Kazi inaenda hivi. Nilichomoa vifuniko vyote vya herufi, nikavipanga juu ya kanga kama vilivyokuwa. Mtapiga picha kwa simu, sawa, mimi kanga inanitosha. Vya Atupele vingine vilikuwa na vinundu vya gundi alivyoviweka mwenyewe ili vidole vijue njia, na kimoja tu kikikosea mahali ungempoteza. Nikatenga ubao wenye swichi na ganda lake. Ubao nikauzamisha kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo ya vyombo, nikawa nabonyeza swichi moja moja ndani ya maji ziteme zilichomeza. Lusajo alikuwa amefumba macho. Nikamwaga, nikarudia, mpaka maji yakatoka hayana pumba wala utamu. Ndiyo, niliyaonja. Fundi asiyeonja haelewi sukari imekwisha lini. Ila onja ulanzi na soda tu, mengine nusa.

Kusuuza kwa mwisho usifanye na maji ya bomba, yana chumvi chumvi inayobaki. Tumia maji ya betri, yale safi ya kuongezea, siyo asidi, mtaniunguza roho. Baada ya hapo ndipo spiriti inapata kazi yake, inafukuza maji yaliyojificha.

Halafu kukausha. Hapo ndipo Mbeya inapokushinda mwezi wa tatu. Jua hakuna, na umeme ulikuwa unakuja na kuondoka kama mgeni asiye na uhakika. Jiko la mkaa linatoa unyevu na majivu. Ukiwasha kibodi ikiwa na tone moja ndani, umeichoma.

Sasa mimi nina njia yangu, na hamtaikuta kwenye video yoyote. Ijumaa nilifunga ubao kwenye shuka safi, nikapanda gari la Chunya. Ukishavuka mlima, unashuka upande wenye joto. Shemeji yangu kule analima tumbaku, na mwezi huo mabani yao yanawaka moto usiku na mchana, yale majengo ya kukaushia majani. Nimekausha huko redio, taipureta, hata saa ya ukutani ya shule. Shemeji alinizoea, alisema tu, "Leo umeleta mgonjwa gani?"

Lakini sikilizeni vizuri, maana fundi mmoja wa Mbalizi aliiba njia yangu akaichukua nusu. Aliingiza kibodi ya mteja ndani ya bani, kati ya majani. Ndani mle mwanzoni kuna unyevu wa tumbaku mbichi, mwishoni kuna joto la kuoka. Aliitoa imepinda kama chapati. Humo ndani ni kwa tumbaku. Wewe unaning'iniza nje, kwenye ukuta wa nyuma, chini ya paa, mahali ambapo ukiweka kiganja unaweza kukiacha bila kukiondoa. Unafunika na shuka kwa sababu ya vumbi la Chunya. Na unakaa hapo hapo, usiende kupiga soga.

Nilikaa. Jumamosi mchana niliushusha ubao mkavu kabisa, unanukia tumbaku, nikarudi nao Mbeya.

Lusajo na Atupele walikuwa wananisubiri barazani kwangu. Ndiyo mara ya kwanza namwona, mwanamke mdogo wa umbo, amekaa wima, mikono magotini. Nikarudisha vifuniko, nikachomeka waya kwenye kompyuta yao, nikapitisha kidole. Zote zinaandika. Zote, isipokuwa moja.

"A," akasema Atupele. Nilikuwa sijasema kitu, na kompyuta, ambayo humsomea kwa sauti, haikuwa inaongea. "Umepita A mama, na imelia kama mtu mwenye mafua."

Kweli, A ilikuwa imekufa. Ile ile iliyochoka, yenye nafasi pembeni, ndiyo iliyomeza pumba nyingi, na asidi ya ulanzi ikala chuma chake cha ndani. Lusajo akasema kwa haraka, "Chukua swichi ya Q mama, hatuitumii."

Angekuwa mteja mwingine ningefanya hivyo. Ni dawa ya kila siku huku kwetu. Lakini swichi ya Q ni bikira, mlio wake ni mkali. Atupele angekuwa anaandika, na kila baada ya herufi mbili anamsikia mgeni. Ningemtengenezea kibodi nikamharibia kazi.

Nikawaambia waninyamazie. Swichi, wanangu, ina sehemu mbili. Kuna kiti chake cha chini chenye vyuma vya umeme, na kuna kile kijiti kinachopanda na kushuka na springi yake. Umeme uko kwenye kiti. Mlio uko kwenye kijiti. Watu wanaitupa yote kwa sababu hawajui kwamba ni ndoa, mmoja anaweza kufa mwingine akabaki. Nikayeyusha risasi ya kulehemu, nikang'oa kiti cha A kilichooza. Nikang'oa na swichi ya Pause, kitufe ambacho sijawahi kumwona binadamu akikibonyeza kwa hiari, nikaweka kiti chake pale pa A. Halafu ndani yake nikarudisha kijiti cha zamani cha A, na springi yake ile ile. Nilitumia spoku ya baiskeli iliyochongwa ncha, niliyoachiwa na Mzee Mligo mwenyewe, sijawahi kupata kifaa bora zaidi. Mikono yangu siku hizi inatetemeka nikishika kikombe. Ikishika spoku ile haitetemeki. Sijui kwa nini na sitaki kujua.

Nikamsogezea. "Haya, sikiliza."

Akaweka kidole cha kushoto kwenye A. Akabonyeza mara moja. Akasubiri. Akabonyeza tena, taratibu, kisha haraka. Mimi niliyewahi kutengeneza taipureta za wakubwa wa wilaya nilikuwa nimebana pumzi.

"Ni yenyewe," akasema. Akainama akainusa. "Ila sasa inavuta sigara."

Tukacheka wote, na Lusajo akaenda nyuma ya nyumba, akakaa huko muda. Alirudi macho mekundu, anasema ni moshi. Jiko halikuwa limewashwa.

Jumapili tukapanda basi la Iringa sote watatu. Hawakunialika. Nilijialika, nikasema kibodi yangu ikisumbua nani ataitengeneza? Ukweli ni kwamba nilitaka kuisikia ikifanya kazi.

Jumatatu asubuhi pale ofisini nikawasalimu kwa "kamwene", wakaitikia, nikajisikia nimefika nyumbani. Atupele akaingizwa chumba cha majaribio na kibodi yake. Mlango ukafungwa. Mimi na Lusajo tukabaki kwenye benchi la korido. Yeye aliukodolea macho mlango. Mimi niliupa mgongo.

Mwanzoni kimya. Nikajua wanamwekea zile sauti masikioni. Kisha kibodi ikaanza, polepole, inajitafuta. Ikasita. Lusajo akanishika mkono. Nikamwambia, "Tulia, anasikiliza." Halafu ikaachiliwa. Wanangu, sijui niwaambieje. Ilitiririka, na ndani ya mtiririko ule niliisikia A yangu, kila baada ya herufi mbili, nzito kidogo kuliko wenzake, haikwami, haina mafua. Nilisikia akikosea pia, tik ya haraka, anarudi nyuma, anasahihisha, anaendelea. Nilijivuna. Nimejivuna mara nyingi maishani, mwingine angesema kupita kiasi, lakini siku ile nilijivuna mpaka kifua kikauma.

Ghafla mlango ukafunguka. Akatoka mkubwa wa ofisi, mwanamume mwenye miwani, amekunja uso.

"Mama, wewe ndiye uliyekuja na huyu dada?"

"Ndiye mimi, baba."

"Ile kibodi yake inapiga kelele mno."

"Ndivyo inavyotakiwa."

"Watu wangu hawawezi kufanya kazi naye chumba kimoja na kelele zile."

Lusajo akainamisha kichwa mpaka kikagusa magoti. Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo nimjibu, na jibu lenyewe lisingekuwa la kikanisa. Lakini yule mkubwa akamgeukia dada wa mapokezi, akamwambia, "Kile chumba cha mwisho, makabati yatolewe. Awekewe meza humo." Akarudi ndani, akafunga mlango. Kibodi ikaendelea.

Lusajo akanong'ona. "Mama, wanataka kumficha stoo."

"Lusajo mwanangu," nikamwambia, "umeona wapi mtu anayerudishwa kwao anahamishiwa makabati?"

Ilimchukua muda. Nilimwangalia inavyomwingia, taratibu, kama maji ya uvuguvugu kwenye swichi. Kisha akafunika uso na mikono yake miwili, na safari hii hakusingizia moshi.

Jioni, kabla ya kupanda gari la kurudi Mbeya, alisimama kwa wauza ulanzi akaniangalia kwa woga. Nikamwambia nunua, leo ni halali yetu. Atupele alikaa dirishani na kibodi yake mapajani, mimi nikakaa upande wa pili wa basi na dumu. Mfuniko niliulegeza kwa mkono wangu mwenyewe, nikaushikilia hivyo hivyo mpaka Uyole.